Karatasi iliyomtoa mdogo wangu kasho

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Natengeneza milango, madirisha na mageti. Haya ninayoandika nilijifunza kati ya Alhamisi moja na Jumanne iliyofuata, mwishoni mwa Oktoba 2023, wiki chache kabla kampeni za uchaguzi wa tarehe 20 Desemba hazijaanza. Tangu wakati ule watu wanne wamenifuata karakana, kila mmoja na ndugu yake aliyekamatwa, na wote walikuwa wanarudia makosa yangu yale yale. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Karibu na kwetu kuna uwanja ambao watoto wanachezea mpira tangu mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Jumapili moja tulitoka kanisani tukakuta vigingi vya saruji vimepandwa ndani yake, kumi na sita, vimepangwa kwa kamba. Uwanja ulikuwa umekatwa kuwa parseli, yaani viwanja vya kuuza. Haikuchukua siku mbili mtaa mzima ukajua kwamba nyuma ya mauzo yale kuna mheshimiwa mmoja aliyekuwa anajiandaa kugombea tena.

Vijana wakapanga kuandamana kwa amani mpaka kwa meya. Mdogo wangu, mwanafunzi wa miaka 24, ndiye aliyeandika barua. Kifungu cha 26 cha Katiba yetu ya 2006 hakikudai uombe ruhusa ya kuandamana. Kinakutaka uijulishe mamlaka kwa maandishi. Alilijua hilo, akaandika vizuri, akaipeleka. Mtu wa mapokezi akamwambia mwenye muhuri ametoka, acha tu barua yako hapa, itafika. Akaiacha, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Barua isiyo na nakala yenye muhuri, tarehe na saini ya aliyeipokea ni kama haikuandikwa. Kama mwenye muhuri ametoka, kaa umngoje. Kama harudi leo, rudi nayo kesho. Sisi hatukufanya hivyo, na kosa hilo lilitugharimu kuliko mengine yote.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri wakagonga. Walikuwa wanne, watatu na sare, mmoja na koti la kawaida.

"Papa, tunamuomba huyu kijana tu. Ni amri ya juu."

"Juu wapi? Konvokasyo, barua ya wito, iko wapi?"

"Tutamuuliza tu maulizo mbili, atarudia."

Nilipandwa na hasira. Nilipiga kelele, nikamsukuma yule wa koti, mke wangu akanishika shati kwa nyuma mpaka likachanika. Wakampakia mdogo wangu kwenye pikapu wakaondoka, na vumbi lilipotulia ndipo nilipogundua kwamba sikuuliza wanampeleka kituo gani, nani amewatuma, wala anashtakiwa kwa kosa gani. Nilitumia dakika zote tano kugombana. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, tena katika lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwasiliana na familia yake au wakili wake. Siku hizi namwambia kila mtu: mmoja aongee kwa upole na kuuliza hayo matatu, mwingine aandike namba ya gari, wa tatu apande pikipiki awafuate mpaka aone geti wanaloingia.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni. Alitamka jina moja tu: "Chebeya." Kila mtu wa umri wake hapa anaelewa. Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu, alikwenda makao makuu ya polisi Kinshasa tarehe 1 Juni 2010 kwa miadi, na kesho yake akakutwa amekufa ndani ya gari lake. Dereva wake, Fidèle Bazana, naye aliuawa. Maafisa wa polisi walihukumiwa kwa mauaji hayo. Mama hakuwa anazidisha hofu, alikuwa anakumbuka.

Tulizunguka vituo vitatu. Kila mahali wakatuambia hayupo. Saa tisa mchana nikampata katika kituo kidogo ambacho hata si cha komini yetu. Nilimtambua kwa kikohozi chake kabla sijamwona. Askari wa zamu akafungua daftari la kasho, yaani la chumba cha mahabusu, akapitisha kidole kwenye majina, akaniambia kwa utulivu kabisa: "Huyu hayumo." Mdogo wangu alikuwa anakohoa hatua nne kutoka kwetu.

Hapo nikaangalia mlango wa ile kasho, na miguu ikaniishia nguvu. Ulikuwa mlango wangu. Nondo za milimita 12, fremu ya kona, na pale juu kushoto mshono wa kuchomelea uliovimba, kwa sababu siku ile umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Mwaka mmoja kabla, mtu wa mheshimiwa alikuja karakana akaagiza mlango, akalipa dola 140 taslimu bila kubishana. Aliniambia ni msaada kwa polisi wa mtaa. Nilifurahi kupata kazi. Sikuuliza kwa nini mwanasiasa ndiye anayenunua mlango wa kasho.

Nilipogeuka nikaona viti vya plastiki vitatu, na nyuma ya kila kimoja jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu. Kila mtu hapa anajua kwamba ukienda kushtaki kwenye kituo, wewe mlalamikaji ndiye unayenunua karatasi za kuandikia na mafuta ya gari la kumfuata mshtakiwa. Serikali inaleta sare na silaha, mengine kituo kijitafutie. Basi anayenunua mafuta kila wiki, anayetengeneza paa, anayeleta viti, huyo hana haja ya kutoa amri. Akipiga simu tu inatosha. Nilikuwa nadhani siasa inaingia polisi kwa vikao vya siri vya wakubwa huko Kinshasa. Niliiona imeingia kwa mlango niliouchomelea kwa mikono yangu.

Siku hiyo nilitoa dola 50 kwa askari aliyesema ataniitia komanda. Ijumaa nikatoa dola 100 kwa mwingine aliyejiita mtu wa karibu wa komanda. Wa kwanza sikumwona tena. Wa pili aliniambia faili ni nzito, niongeze. Naomba mnisikilize kwa hili: hela ya mkononi inanunua matumaini tu, na kila anayeona umetoa anajifunza kwamba bado unayo. Tena hela ile haiachi alama yoyote. Ningezitumia zote kwa wakili siku ya kwanza, mdogo wangu angelala usiku mmoja tu badala ya usiku tano.

Ijumaa mchana OPJ akamhoji. OPJ ni afisa wa polisi mwenye mamlaka ya kuchunguza makosa na kuandika maelezo ya mshukiwa. Shtaka likawa kuchochea fujo na kumtukana kiongozi. Kuhusu barua, jibu lilikuwa: barua gani? Hatuna barua. Mdogo wangu akasaini maelezo yaliyoandikwa kwa Kifaransa bila kuyasoma mpaka mwisho, kwa sababu aliambiwa akisaini anarudi nyumbani. Hakurudi. Usisaini usichokisoma. Na ukikuta kuna jambo hukulisema, andika kwa mkono wako hapo hapo juu ya saini kwamba hukulisema.

Jumamosi alfajiri saa 48 zilikuwa zimetimia. Kifungu kile kile cha 18 kinasema polisi haruhusiwi kumweka mtu zaidi ya saa 48. Baada ya hapo amwachie au amfikishe mbele ya mamlaka ya sheria. Nilikwenda nikiwa nimejiamini. Askari wa zamu akafungua daftari, na safari hii jina lilikuwamo. Mistari yote ya juu na ya chini ilikuwa ya kalamu ya bluu. Mstari wa mdogo wangu ulikuwa mweusi, herufi zimebanwa katika nafasi nyembamba, na tarehe ya kuingia ilikuwa ya Jumamosi ile ile. Kwa daftari, alikuwa ameingia asubuhi hiyo. Saa zake 48 zilikuwa zinaanza upya.

Ndipo nikaelewa kwa nini walikuja Alhamisi. Mtu akikamatwa Alhamisi au Ijumaa, ukishamaliza kuhangaika kumtafuta, ofisi za parke, yaani za mwendesha mashtaka, zimefungwa hadi Jumatatu.

Jumapili usiku nilipeleka chakula, bukari na sombe, kama kila siku. OPJ alikuwa peke yake zamu ile, mwanamke kijana, hajafika hata miaka thelathini. Nilimsalimu, nikamwambia sina hela tena. Alitazama nje kwanza.

"Yaya, siombe franga. Sikiya. Miye nilisoma dosie, ile faili, hakuna kitu ndani. Lakini simu inaita kwa komanda asubui na magaribi. Kama hakuna karatasi, ile simu ndiyo inaamuru. Muende kwa parke, baandike, baombe dosie. Karatasi ikifika hapa, miye nitasema: parke imeomba, nifanye nini?"

"Mama, na wewe unaogopa?"

"Niko na batoto babili."

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Mimi nilikuwa natafuta karatasi ya kumkinga mdogo wangu. Kumbe na yeye, mwenye sare, alikuwa anaisubiri karatasi hiyo hiyo imkinge.

Jumatatu nikampata wakili kupitia ofisi ya ushauri wa bure ya chama cha mawakili. Mabaraza ya mawakili nchini yanayo, na wengi hatujui. Nenda ukaulize pale ukumbi wa mahakama. Ushauri haukuwa na malipo, ila kazi ya kufuatilia tulikubaliana dola 150, na alinipa stakabadhi. Alinieleza jambo ambalo kila raia angepaswa kufundishwa shuleni. Polisi ana kofia mbili. Akiwa anatunza utulivu barabarani, anasindikiza maandamano, anazuia ghasia, yuko upande wa utawala, na hapo gavana au meya anaweza kumwagiza kihalali. Lakini akishamkamata mtu kwa kosa na kufungua faili, amevaa kofia ya sheria, na mkubwa wake katika kazi hiyo ni prokirere tu, yaani mwendesha mashtaka mkuu wa parke. Si meya, si mbunge, si gavana. Mwanasiasa anachofanya ni kuzichanganya kofia hizo mbili kwa makusudi, na raia asiyejua tofauti anakwenda kupiga magoti kwa mtu asiye na mamlaka yoyote juu ya faili.

Nilikuwa nimefanya hivyo hivyo. Ijumaa jioni nilikwenda kumsubiri mheshimiwa nje ya geti lake saa tatu nzima, kofia mkononi. Getini walikuwa polisi wawili wanamlinda. Kwa kumwendea nilikuwa nakubali kwamba ndugu yangu ni mfungwa wake.

Wakili akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa prokirere: jina, siku na saa ya kukamatwa, majina ya majirani watatu walioshuhudia, kituo, na ombi kwamba faili na mshukiwa wafikishwe parke. Nakala mbili. Tuliketi pale kwenye benchi mpaka muhuri ukapigwa kwenye nakala yetu, saa sita kasoro. Nilipiga picha nakala ile, nikatuma kwa watu watatu wa familia. Saa kumi jioni ombi la parke likafika kituoni. Jumanne asubuhi mdogo wangu akafikishwa mbele ya hakimu wa parke, akasikilizwa kwa dakika kama ishirini, na mchana huo huo tukarudi naye nyumbani. Faili haikuendelea. Alikuwa na upele mwili mzima na hakutaka kuongea. Alikunywa maji akalala mpaka kesho yake saa nne.

Gharama zetu: dola 150 za hela za mkononi zilizopotea, 150 za wakili, kama 40 za chakula na usafiri, 12 za fotokopi na karatasi. Na geti la mteja ambalo sikulimaliza kwa wakati, nikamrudishia amana yake ya dola 120. Kuna na gharama ambayo haina hesabu: mpaka leo gari likisimama nje alfajiri, mama anaamka.

Jirani yetu mmoja mzee aliingia jandarmeri miaka ya sabini. Alikuja kutupa pole, akakaa, akatupa historia ambayo sikuwahi kuiunganisha. Mwaka 1972 Mobutu, rais wa wakati ule, aliifuta polisi na kuiingiza katika jandarmeri, yaani jeshini. Nchi ilikuwa na chama kimoja, na kazi yao, alisema, ilikuwa kujua nani anasema nini juu ya chama. Mwaka 1984 ikaongezwa Garde Civile, kikosi kingine cha ulinzi. Mwaka 1997 Mobutu akaanguka, majina yakabadilika tena. Kisha Katiba ya 2006, kifungu cha 183, ikaandika kwamba polisi haina siasa, inalitumikia taifa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigeuza kwa faida yake binafsi. Sheria ya Agosti 2011 ikaongeza kwamba polisi ni huduma ya umma, ya kiraia, inayofikika na inayowasikiliza wananchi. Hata vyeo vilibadilishwa viache kuwa vya kijeshi, lakini nenda kituo chochote leo usikie: bado ni kanali, bado ni meja. Mzee alisema, "Banabadilisha kofia. Simu ni ile ile."

Sikubaliani naye kabisa. Shemeji yangu wa Bukavu aliiona polisi ya ujirani ilipojaribiwa kule, mradi uliosaidiwa na Uingereza, ambao ulifanyika pia Matadi na Kananga. Anasema kulikuwa na vikao vya mtaa ambapo komanda anakaa kwenye kiti kama wengine, mama wa sokoni anamuuliza mbona doria haifiki kwao, naye anajibu. Kwa hiyo inawezekana; watu wale wale, sare ile ile. Lakini inaweza kurudi nyuma pia. Goma, serikali ilipotangaza utawala wa kijeshi Kivu ya Kaskazini na Ituri Mei 2021, gavana akawa mwanajeshi, naibu wake polisi, na hata kiti cha meya kikakaliwa na afisa wa polisi. Rafiki yangu aliyekuwa huko wakati ule aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: kama wa kujulishwa kuhusu maandamano ni polisi, na wa kuyazuia ni polisi, wewe raia barua yako unaipeleka kwa nani?

Jambo jingine la kujua, kwa sababu lilinipotezea wiki nzima. Nilitaka kumshtaki aliyebadilisha tarehe katika daftari. Nilikwenda parke, wakanirudisha. Kwa Katiba yetu, kifungu cha 156, polisi anahukumiwa na mahakama za kijeshi. Malalamiko dhidi yake yanapelekwa kwa oditora ya kijeshi, yaani ofisi ya mashtaka ya jeshi, siyo parke ya kiraia. Kuna pia ukaguzi mkuu wa polisi unaopokea malalamiko. Niliandika, nikapigiwa muhuri. Faili lipo na namba yake ninayo. Bado halijasonga, na bado naenda kuliulizia kila mwezi.

Wakili alinisomea pia kifungu cha 28: hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kuwa ni haramu, na mtumishi wa serikali hafungwi na utii katika amri ya namna hiyo. Ni maneno mazuri sana. Lakini yule OPJ angeyatumia peke yake usiku ule, nani angemlipia nyumba? Kwa hiyo tusikae tukingoja awe shujaa peke yake. Tukimletea ombi la parke lenye muhuri, tumempa mahali pa kusimama. Simsamehei aliyekula dola zangu 100, na aliyeandika tarehe ya uongo nataka ajibu. Ila nimeacha kusema polisi wote ni mbwa, kama nilivyokuwa nasema mbele ya watoto wangu. Miezi miwili baadaye yule OPJ alihamishwa, mbali na mji. Hatukupata hata nafasi ya kumshukuru.

Vijana waliandamana mwezi wa pili 2024, uchaguzi ukiwa umepita. Safari hii barua ilikuwa na nakala nne, zote na muhuri, moja imebandikwa kwenye mlango wa karakana yangu. Polisi walikuja, wakatembea pembeni mwa msafara, wakasimamisha magari kwenye njia panda ili watoto wapite. Vigingi vya uwanja bado havijang'olewa vyote, lakini hakuna aliyethubutu kujenga, na mpira unachezwa katikati yake.

Wiki iliyopita yule mtu wa mheshimiwa alirudi karakana. Kituo kinataka geti jipya la mbele, dola 180, nusu anatoa sasa hivi. Ada za shule zilikuwa zimenikaba, na mke wangu alikuwa amesimama pale anasikia. Nilimwambia geti la polisi nitalitengeneza polisi wenyewe wakiliagiza, kwa karatasi yao, na muhuri wao. Aliniangalia, akarudisha noti mfukoni, akaenda. Nikawasha mashine, nikaendelea na dirisha nililokuwa nalo.